Macho Mawili Ndani ya Jicho Moja

 

Ndugu zetu Waislamu mlio misikitini, na mama zetu na dada zetu mlio majumbani karibu na redio zenu, na nyinyi vijana wanafunzi wa madrasa na wa shule: leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya jicho. Hatutazungumza juu ya jicho lote, maana habari zake ni ndefu, bali juu ya utando mwembamba ulio nyuma yake ndani, ambao wataalamu wanauita retina. Tumechagua mazungumzo haya kwa sababu ya mtoto mmoja tuliyemdhulumu, na habari yake tutaieleza mahali pake.

Kila mmoja wetu amepata kuingia msikitini siku kama ya leo, Ijumaa, jua likiwa utosini. Anapovua viatu mlangoni na kutia mguu ndani, kwa muda kidogo haoni safu wala nguzo, na huenda akamkanyaga mzee aliyekwisha kaa kitako anasubiri hotuba. Baada ya kitambo nguzo zinajitokeza, kisha mikeka, kisha nyuso za watu. Wala hapana mtu aliyewasha taa. Kilichobadilika ni jicho lenyewe, nalo lilikuwa likijitengeneza pasina yeye kuliamuru.

Retina haifiki unene wa nusu milimita, lakini ndani yake mna seli za namna mbili zinazopokea nuru. Seli za kwanza ni ndefu, nyembamba, mfano wa fito, nazo huitwa vijiti. Za pili ni nene kidogo na zimechongoka ncha, mfano wa pia wanayochezea watoto, nazo huitwa koni. Vijiti ni vingi mno: katika kila jicho la mtu mzima hupatikana baina ya milioni 90 na milioni 120. Koni ni chache, kiasi cha milioni 5 au 6. Hizi chache ndizo zinazofanya kazi mchana, na hivyo vingi ndivyo vinavyofanya kazi usiku. Hata mtu akisema kwamba kila jicho ni macho mawili, moja la mchana na moja la usiku, hatakuwa amesema uwongo.

Koni zinataka nuru ya kutosha, na zikiipata hutupa rangi zote. Zenyewe ziko aina tatu: moja huitikia zaidi nuru ya upande wa buluu, moja ya upande wa kijani, na moja ya upande wa njano na nyekundu. Ubongo hulinganisha habari za hizo tatu, na kwa mlinganisho huo tunaijua rangi ya embe bivu na embe bichi. Vijiti ni vya aina moja tu, na kwa hiyo havina cha kulinganisha, wala havijui rangi. Vinajua mwanga na giza basi. Lakini ukali wao ni wa ajabu. Mwaka 1942 wataalamu watatu, Hecht, Shlaer na Pirenne, walitoa matokeo ya majaribio yao ya kuwakalisha watu gizani muda mrefu na kuwamulikia mmweko hafifu mno. Wakapata kwamba mtu huweza kuuona mmweko ambao chembe zake za nuru zilizonaswa na vijiti ni baina ya 5 na 14 tu. 

Na jambo jingine la kustaajabisha: seli hizi hazikai kimya gizani na kuanza kusema zinapopigwa na nuru. Ni kinyume chake. Gizani ndiko zinakopeleka habari mfululizo, na nuru ikizigusa hupunguza sauti yao. Huko kunyamaza kwao ndiko ubongo unakokuelewa kuwa ni nuru.

Mama zetu wanaweza kuyahakikisha haya wenyewe pasina chombo chochote. Mtu aianike uani kanga ya kisutu, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, kisha aiangalie tangu Alasiri hata giza liingie. Mchana ile nyekundu ndiyo inayokuja mbele. Jua likizama na koni zikaanza kulala, nyekundu inazidi kuwa nzito, na mwisho haitambulikani na nyeusi, hali ya kuwa majani mabichi yaliyo pembeni yake bado yana mwanga kidogo. Kanga haikuchujuka. Ni vijiti vilivyoshika zamu, na vijiti karibu havioni nyekundu kabisa.

Vijana nao wana jaribio lao. Usiku usio na mwezi watazame kundi la nyota liitwalo Kilimia, ambazo Waarabu huziita Thurayya, na wakulima wetu wa zamani walizitumia kujua majira ya kulima. Ukizikodolea macho moja kwa moja utahesabu chache. Ukitupa jicho kando kidogo, kana kwamba unatazama kitu kingine, zinaongezeka. Sababu yake ni kuwa katikati ya retina mna kishimo kidogo kilichojaa koni peke yake, na hicho ndicho tunachokielekeza kwa kila tunachotaka kukiona vizuri, kama vile herufi za msahafu. Mle kishimoni hamna kijiti hata kimoja. Vijiti viko pembeni, na nyota hafifu huonwa kwa pembeni.

Aliyeanza kuzitenganisha kazi za seli hizi mbili ni mwanachuoni wa Kijerumani, Max Schultze, mwaka 1866, naye alifika huko kwa kulinganisha macho ya wanyama. Akaona kuwa retina ya bundi imejaa vijiti, na ndege wa mchana wana koni nyingi. Jambo hili sisi watu wa shamba tunaliona kila siku. Jua likielekea kuzama kuku hawangoji kuswagwa, huingia bandani wenyewe, kwa kuwa koni zao hazitawasaidia tena na vijiti vyao ni haba. Wakati huo huo bundi anatoka, na komba anaanza kulia juu ya minazi. Tunaomba mlishike neno hili la kuku, tutalirudia.

Wengine watauliza kama wanavyuoni wetu wa Kiislamu walikuwa na habari ya mambo haya. Walikuwa na habari ya mlango wake. Wayunani wengi wa kale walidhani kuwa jicho hutoa mionzi ikaenda kuvigusa vitu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kuishi Misri hata alipofariki yapata mwaka 1040, aliandika Kitab al-Manazir akabainisha kwamba nuru ndiyo inayotoka kwenye vitu ikaingia jichoni; na katika hoja zake ni kuwa nuru kali huliumiza jicho, na hakuumizwi ila kilichofikiwa. Hata hivyo yeye alidhani nguvu ya kuona imo katika lenzi, na ilibaki mpaka mwaka 1604 ndipo Kepler alipoeleza kuwa sura ya kitu hutua juu ya retina. Tunaisema kasoro hiyo makusudi, kwa sababu kuna wahubiri wanaopenda kuambia watu kuwa wazee wetu walijua kila kitu. Hawakujua kila kitu, na wao wenyewe hawakudai hivyo.

Vile vile tunatahadharisha juu ya wale wanaotafuta vijiti na koni ndani ya aya za Qur'ani. Qur'ani haikuteremshwa iwe kitabu cha tibabu. Lakini mnaijua aya ya kufunga katika Suratul Baqara, inayotaja uzi mweupe na uzi mweusi wa alfajiri, na mnakijua kisa cha Sahaba Adiy bin Hatim aliyeweka kamba mbili chini ya mto wake, moja nyeupe na moja nyeusi, akawa anazitazama usiku, mpaka Mtume (S.A.W.) alipomfahamisha kuwa makusudio ni weupe wa mchana na weusi wa usiku. Basi fikirini saa ile yenyewe. Ni saa ambayo jicho la mwanadamu linatofautisha mwanga na giza, wala bado haliwezi kutofautisha nyekundu na kijani. Alama iliyotolewa ni ile ambayo mchungaji asiye na saa wala elimu ya falaki anaweza kuiona. Zaidi ya hapo hatusemi.

Sasa tuingie katika lile lililotufanya tupande mimbari na mazungumzo haya.

Ndani ya vijiti mna rangi ya zambarau iliyo nyepesi kuathiriwa na nuru, iitwayo rodopsini. Imefanywa kwa vitu viwili vilivyoungana: protini, na kitu kinachotokana na vitamini A. Nuru ikiipiga, kile cha vitamini A kilichokuwa kimejikunja hunyooka, na kwa kunyooka kwake huanzisha ile habari inayokwenda ubongoni. Kisha rangi huachana na kupauka, na lazima iundwe upya. Mchana wa jua kali rangi hiyo karibu yote imepauka, na ndiyo sababu mtu akitoka juani kuingia gizani koni zake hujirekebisha katika dakika chache, lakini vijiti vyake huhitaji nusu saa na zaidi ili viwe tayari kabisa. Kwa mtu mwenye afya, giza lililomfumba baada ya Magharibi huwa limefunguka kabla ya adhana ya Isha. Aliyegundua vitamini A ndani ya retina ni George Wald, mwaka 1933, na kwa kazi yake hiyo na iliyofuata alishiriki tuzo ya Nobeli mwaka 1967.

Maana yake ni hii: jicho la usiku linakula. Likikosa vitamini A, rangi haiundwi upya, na mtu huona vizuri mchana kutwa, lakini jua likizama anakuwa kama kipofu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, tulipokuwa tumetoka chuoni karibuni, tulipelekwa Dutumi, katika upande wa Kibaha na Kisarawe, mkoa wa Pwani, kusomesha watoto. Darasa letu lilikuwa baina ya Magharibi na Isha, chini ya mwembe, kwa taa moja ya chemli na vibatari vichache. Alikuwako mvulana wa miaka saba au minane. Siku za mapumziko tuliposomesha asubuhi, hapakuwa na anayempita kwa kusoma. Lakini jioni alikuwa mtu mwingine. Aliparamia magoti ya wenzake, alipiga teke birika la kutawadhia, na ubao wake aliuinamia mpaka paji la uso likaugusa. Njiani alimshika mwenzake upindo wa kanzu. Watoto walimpa jina la Kuku, kwa sababu jua likitua hubaki pale pale alipo.

Sisi tulisema anajifanya, na tulimchapa, si mara moja. Wako watu wazima waliosema kuwa mtoto amechezewa, wakawa wanatafuta fedha za kumpeleka kwa mganga.

Siku moja akaja bibi mmoja, mkunga wa pale kijijini, akakaa pembeni mpaka darasa likesha. Alikuwa mtu wa umri wa mama yetu. Akasema, "Maalim, mwanangu, usimpige mtoto huyu. Mtoto wa marehemu dada yangu alikuwa hivi hivi; jua likizama, naye amezama. Mpelekeni zahanati." Tulimpeleka. Mganga mkuu wa zahanati hakumwuliza mtoto maswali mengi. Aliuliza nyumbani wanakula nini. Jibu lilikuwa ugali wa muhogo, mchana na usiku, na kitoweo wakipata. Akapewa tone la vitamini A, na siku ya pili jingine, na akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Usiku wa tatu alikuja madrasa peke yake, hakumshika mtu kanzu.

Watoto waliompa lile jina walikuwa wamekaribia ukweli kuliko mwalimu wao.

Tulimwomba radhi mbele ya wenzake, naye akasema ametusamehe, kwa kuwa ndivyo mtoto alivyofunzwa kumjibu mwalimu. Na lau mambo yangaliishia hapo tusingalikuwa na haja ya kuyasimulia. Alikuwa na mdogo wake wa kike, wa miaka mitatu, aliyekuwa amepata surua katika siku zile zile ambazo sisi tulikuwa tukimchapa kaka yake. Surua huimaliza vitamini A ya mwilini upesi, na yule mtoto akiba yake ilikuwa haba tangu mwanzo, maana chungu chao kilikuwa kimoja. Macho yalipokuwa mekundu alitiwa maji ya majani. Jicho moja lilipona. La pili konea yake, yaani kioo cha mbele, ilipata kidonda ikageuka nyeupe, wala halikurudi. Kaka mtu alikuwa ametuonyesha alama kila jioni kwa muda wa wiki kadha, mbele ya macho yetu sisi tunaoona usiku.

Jambo hili halikuwa la Dutumi peke yake. Mwaka 1987 madaktari Allen Foster na Alfred Sommer walichapisha habari za watoto 130 wa Tanzania waliokuwa na vidonda vya konea. Katika kila vidonda 100, 37 vilihusiana na surua ya karibuni, na miongoni mwa sababu walizozikuta ni ukosefu wa vitamini A na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi limekadiria kuwa watoto baina ya 250,000 na 500,000 ulimwenguni hupofuka kila mwaka kwa ukosefu wa vitamini hii, na nusu yao hufariki ndani ya miezi 12, kwa kuwa mwili usio na vitamini A hauwezi kupigana na kuhara wala homa.

Basi sikilizeni, mama zetu na baba zetu, na hapa tutasema kwa lugha ya jikoni. Muhogo na mahindi meupe hushibisha lakini vitamini A hamna. Imo katika maini, mayai na maziwa. Wayunani wa kale waliwalisha maini watu wasioona usiku, nao hawakujua kwa nini yanafaa. Asiye na uwezo wa maini asikate tamaa, maana miili yetu huitengeneza kutokana na mboga za majani mabichi sana na matunda ya rangi ya chungwa: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, maembe mabivu, mapapai, maboga yenyewe, na viazi vitamu vya rangi ya chungwa ndani, si vile vyeupe. Mboga hizo zinataka mafuta kidogo ili mwili uzinyonye, kwa hiyo desturi yetu ya pwani ya kuziunga kwa nazi ni desturi nzuri. Kuzianika juani siku nyingi huipunguza vitamini. Na inasikitisha kuona, msimu wa maembe, nyumba inauza kapu zima barabarani na watoto wa nyumba hiyo hawakuachiwa hata dodo moja.

Serikali hutoa matone ya vitamini A bila malipo mara mbili kila mwaka kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, na chanjo ya surua hutolewa katika miezi 9 na miezi 18. Kuna baadhi ya wazazi wanaoficha watoto siku hizo kwa maneno ya vijiweni. Hatujaona dalili yoyote ya sharia inayomruhusu mzazi kufanya hivyo. Matone hayo lakini yasinunuliwe na kunywewa ovyo, kwani yakizidi ni sumu, na mama mjamzito hatumii kipimo kikubwa ila kwa shauri la daktari. Mjamzito asiyeona vizuri usiku na aende kliniki aseme. Asione ni jambo la mimba tu.

Si kila asiyeona usiku amekosa chakula. Yako maradhi ya kurithi ambayo vijiti hufa kimoja kimoja tangu ujana, na uwanja wa kuona ukawa mwembamba kama anayetazama kwa tundu la mwanzi. Huyu tone halimtibu, na anahitaji kuonwa na daktari wa macho. Baadhi ya maradhi hayo hujitokeza zaidi ndugu wakioana. Kuoana binamu ni halali, wala hatuharamishi kilichohalalishwa, lakini ukoo uliokwisha ona ugonjwa huo ukitaka shauri la tabibu kabla ya posa haukufanya kosa. Na wako watoto wenye ualbino, ambao kile kishimo cha koni hakikukamilika katika macho yao. Hao mwanga wa mchana unawaumiza na maandishi ya ubaoni hawayaoni kwa mbali. Mwalimu na awakalishe mbele, kivulini, na kofia yao isivuliwe.

Leo jioni, baada ya Magharibi, kabla taa haijawashwa, mtume mtoto akuletee kitu kilicho uani, na umtazame anavyotembea. Akipapasa, au akikataa kwenda hali ya kuwa mchana ni mwepesi, au ukiona katika weupe wa jicho lake doa mfano wa povu kavu, asubuhi yake mpeleke zahanati.

Yule mvulana wa Dutumi sasa ni mtu mzima. Miaka michache iliyopita tulikutana naye Mlandizi, amempakata binti yake, na kabla hatujamaliza kusalimiana alitoa mfukoni kadi ya kliniki ya mtoto, akaifungua mahali panapoandikwa vitamini A, akatuonyesha. Hakusema neno jingine juu ya habari ile, wala sisi hatukusema.